Siku Kitanda Kilipotolewa Nje

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ya jambo hili sijaimaliza. Nimemkasirikia kaka yangu, nimeikasirikia halmashauri ya mji, nimewakasirikia majirani zetu ambao hawakutukosea kitu ila kutuhurumia. Wengi wao wamekwisha kufa, Mungu awarehemu, na bado nawakasirikia.

Nyumba yetu ipo Songea, upande wa Matogoro, kando ya barabara iendayo Namtumbo na Tunduru. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akafa kabla ya kuipiga plasta. Tukabaki mama, kaka yangu na mimi. Mama na mimi tulilala vyumba vya nyuma. Chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, kilikuwa cha kaka. Nilikitaka mimi, akaniambia msichana halali karibu na barabara, nikamtupia mwiko. Basi akakichukua yeye, akaleta mbao za mninga, akajitengenezea humo humo kitanda kipana cha kunyoosha miguu yake mirefu.

Aliondoka kiangazi kimoja, habari za vito vya Tunduru zilipovuma. Miaka ile kila kijana mwenye miguu alikuwa anakwenda Tunduru. Ilisemekana mtu anachekecha mchanga wa mto asubuhi, jioni anaendesha pikipiki yake mwenyewe. Kaka alidandia lori lililokuwa limesimama mbele ya nyumba kupoza injini, akamwahidi mama kwamba atarudi kabla ya mvua za kupandia. Mimi sikumuaga. Tulikuwa tumegombana kwa sababu ya sufuria.

Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia, tukavuna. Mwanzoni tulipata salamu kwa madereva: yupo, mzima, anasema msiwe na haraka. Halafu salamu zikakatika. Vijana waliorudi kutoka huko mama aliwasimamisha barabarani mmoja mmoja. Huyu anasema alimwona kwenye mashimo, yule anasema mashimo hayo yaliporomoka, mwingine anaapa kwamba alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji na kuoa huko. Kila mmoja alikuwa na kaka yangu wake, na hakuna aliyeweza kutuletea hata mmoja.

Mama aliendelea kukitunza kile chumba. Kila Jumamosi aliingia, akafungua dirisha, akakung'uta shuka na kutandika nyingine. Nilimuuliza, "Mama, shuka isiyolaliwa na mtu inachafukaje?" Akaniambia nifunge mdomo wangu, na nilipouona uso wake nikaufunga.

Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Wenye umri wangu wanakumbuka. Zamani kidogo tu, mtu kukutwa na sabuni nyingi chini ya kitanda ilikuwa kesi, unaitwa mlanguzi. Mara tukaambiwa ruksa, na kila baraza likaota biashara. Huku mandazi, kule mafuta ya taa, kule binti anasuka watu nywele chini ya mparachichi. Mama naye akaanza kuuza mitumba. Wazee bado waliiita kafa Ulaya, kwa kuwa iliaminika ni nguo za Wazungu waliokufa. Wengine waliogopa kuzivaa. Mama alisema, "Kufa kufaana," akafungua belo, lile furushi la nguo lililofungwa kwa nyaya.

Duka hatukuwa nalo. Alizitundika kwenye kamba ya kuanikia mbele ya nyumba, pamoja na nguo zetu wenyewe, na mpita njia akipenda kitu anavuta. Kwa mtindo huo iliuzwa sketi yangu ya kwenda kanisani. Nilikuwa kisimani. Narudi naiona inapanda baiskeli ya mtu inaelekea mjini, na mama ananiambia, "Nitakutafutia nyingine, mteja hafukuzwi." Nilinuna siku nzima.

Kamba ile ndiyo iliyomleta Bwana Ardhi. Alikuwa ofisa wa halmashauri, mtu mpole wa makamo, mwenye kofia ya pama na baiskeli ambayo haikuwahi kuwa na kengele. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Mama, nguo hizi ni za nani?"

"Zetu," mama akasema.

"Zote?"

"Sisi ni watu wa kufua."

Akalishika koti moja zito la sufu, pana kama blanketi. "Na hili ni la nani?"

"La marehemu," mama akajibu. Wala hakudanganya.

Bwana Ardhi alicheka mpaka akavua kofia. Lakini alipomaliza kucheka alikaa kwenye kigoda akaanza kueleza, na alieleza taratibu, kwa heshima, na ndiyo maana hapakuwa na mahali pa kumkatiza. Ruksa ipo, alisema, lakini ruksa si holela. Katika ramani ya mji, kiwanja chetu ni cha makazi. Biashara ndani ya nyumba ya makazi inaruhusiwa kwa masharti. Iwe chumba kimoja. Chumba hicho kiwe na mlango wake wa barabarani, wateja wasipite sebuleni. Bidhaa zisitoke nje. Na asilale mtu humo. Kisionekane hata kitanda.

"Mbona ni mimi tu?" mama akauliza. "Mtaa mzima unauza."

"Nitawafikia wote, mama. Sheria ni msumeno." Akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Kama hatuwezi, twende tukatafute nafasi sokoni, na sokoni nafasi zilikuwa zimekwisha kushikwa na watu wenye ndugu.

Nyumba yetu ina chumba kimoja tu kinachopakana na barabara. Mimi nilijua, mama alijua, na Bwana Ardhi alikuwa amelitazama lile dirisha wakati anazungumza. Mwishowe nikakitaja mimi chumba cha kaka, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Mama alinyanyuka akachukua ndoo, akaenda kisimani, na maji ya ndani yalikuwa bado yamejaa.

Lakini tungekula nini? Mahindi yetu hayakufika mbali mwaka ule, na mbolea ya mkopo wa ushirika ilikuwa imekwisha kuwa hadithi. Zile nguo ndizo zilizotulisha. Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi mama akamwita fundi mwashi. "Kitanda kinahama tu," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha. "Kitakaa chumbani kwako. Wewe utalala mkekani mpaka arudi." Nilimwambia sawa. Lo, na mimi nilijisikia vibaya, maana kumbe nilikuwa nakitaka chumba, sikutaka kitanda.

Fundi alifika asubuhi, akaanza kubomoa chini ya dirisha. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kitanda hakipiti mlango wa ndani. Kaka alikiundia humo, na hakuwa mtu wa kupima kesho. Tukakisimamisha, tukakilaza ubavu, tukakipindua, wapi. Vumbi la matofali likawa linaingia kwenye godoro. Fundi akasema kitoke kwa mbele, kwenye tundu alilokwisha kulifungua, halafu baadaye tukizungushe nyuma tukifungue misumari. Basi tukakitoa hivyo, miguu mbele, kwenye ukuta uliobomolewa, mpaka kando ya barabara. Godoro tukaliegemeza ukutani. Shuka nikazirundika juu yake.

Sasa, kwetu, kitanda cha mtu hakitolewi mbele ya nyumba asubuhi bila sababu. Kitanda kikiwa nje, godoro likiwa ukutani, watu hawaulizi. Wanajua. Ukitaka kuanika godoro unalianika nyuma, uani, na kitanda unakiacha ndani kilipo. Hili hata mtoto analijua, na sisi tulilijua, lakini siku ile akili zetu zilikuwa kwenye mlango. Na mama, baada ya kukishika kile kitanda kwa mikono yake mwenyewe, nguvu zilimwishia. Alikaa chini, kwenye udongo, akaweka kiganja shavuni. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Jirani yetu wa ng'ambo, mwanamke mmoja mwema, mwema jamani, mpaka nimechoka na wema wake, alikuwa anapita na beseni la vitumbua kichwani. Alisimama. Alikiona kitanda, akaliona godoro, akamwona mama chini. Beseni likaanguka. Akaweka mikono kichwani na kupiga yowe lililosikika, nadhani, mpaka mlimani.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Ni mlango! Tunafungua mlango!"

Alinikumbatia kwa nguvu. "Lia, mwanangu, lia. Usiweke moyoni."

"Nakwambia ni mlango!"

"Uchungu," akawaambia waliokuwa wanakuja mbio. "Mwacheni, ni uchungu."

Haikupita muda, kiwanja kilijaa. Kila mtu alikuwa anaingojea habari hii mwaka mzima na zaidi, kila mtu alikuwa ameandaa chozi lake, na sasa wote wakayamwaga pamoja. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakatandika mikeka. Kuni zikaja, unga ukaja, mtu akaleta sufuria kubwa. Mama alisema, "Jamani, sina habari yoyote, mwanangu yu hai," nao wakamjibu, "Ndiyo, mama, kwa Mungu wote tu hai." Fundi alisimama na nyundo yake kwenye lile tundu, hajui aendelee au alie. Akaketi. Baada ya muda nilimwona naye anajifuta macho.

Na nani nikamwona anaegemeza baiskeli yake kwenye mti? Bwana Ardhi. Alikuwa amevua kofia, ameleta sukari. Aliketi na wanaume, mbele kabisa ya tundu aliloliagiza yeye, akainamisha kichwa. Nilitaka kumwendea nimwambie, wewe ndiye uliyemuua. Lakini jirani alikuwa bado amenikumbatia.

Kesho yake akafika baba mkubwa kutoka Mpitimbi, na lori zima la ndugu. Habari zilikuwa zimemfikia kabla jua halijatua, kwa maana habari ya kifo haihitaji njia nzuri. Mama alimvuta uani akamweleza kila kitu: ofisa, mlango, kitanda. Mimi nilikuwepo. Baba mkubwa alisikiliza huku akichora chini kwa fimbo.

"Shemeji," akasema, "watu hawa tutawaambia nini? Wameacha mashamba yao. Wamelia kwa jina lake."

"Waambie ukweli."

"Ukweli upi? Wewe unajua alipo?"

Mama akaifunga khanga yake upya kiunoni.

"Basi. Maji yamekwisha kumwagika. Tumlilie tumalize, nawe upumzike. Akirudi, tutacheka."

Akirudi, tutacheka. Maneno haya nimeyasikia kichwani miaka yote hii. Mama aliyasikia, akarudi kwenye mkeka katikati ya wanawake. Na hapo ndipo nilipomsikia akilia. Siku ya kwanza alilia kwa kuwa amechoka. Siku ya pili alilia kilio chenyewe, kile cha kugaragara, akimwita mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mchanga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Maana sikujua kama anajua kwamba tunaigiza, na baadaye sikujua kama mimi mwenyewe najua.

Rozari zikasaliwa. Matanga yakaanuliwa. Siku ya kugawa vitu, ndugu wakasema kitanda aende nacho baba mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyesimama mahali pa baba. Kikafungwa kwenye lori kikaenda Mpitimbi. Fundi akarudi, akaweka fremu, akaning'iniza mlango, na Bwana Ardhi akaja kukagua. Alisema chumba kimetimiza masharti. Akampa mama pole kwa mara nyingine, kisha akampa leseni. Mama akaitundika ukutani kwa msumari.

Biashara ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Watu walipenda kuingia ndani, kujaribu, kujitazama kwenye kioo. Lakini mimi sikupenda kukaa humo. Mashati ya kiume yalitundikwa upande wa kitanda kilipokuwa, na lori likipita barabarani upepo unaingia kwa ule mlango mpya, mikono ya mashati yote inainuka kidogo na kushuka. Wateja wanaume walijaribu mashati wakinigeuzia mgongo. Kwa nyuma, kila mmoja alikuwa yeye. Mama naye alikuwa na tabia ya kuwapapasa mabegani, akisema, "Wewe mpana kuliko wangu," au, "Wewe ungeazimana na wangu." Wengine walicheka. Wengine, waliojua, walinunua haraka na kutoka.

Mashati ya kipimo cha kaka mama hakuyauza. Aliyaweka kando, chini ya meza. Nilimuuliza ni ya nani, akasema kuna mtu ameyaagiza.

Halafu ikaja siku ya yule mkulima wa tumbaku. Alikuwa ametoka Namtumbo, anatafuta koti la baridi. Alijaribu moja, akasoma jina kwenye leseni ukutani, akatazama nje kwenye barabara, akauliza kama hapa ndipo nyumbani kwa kijana fulani mrefu, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko. Mama alisema ndipo. Yule mtu akavua koti polepole.

"Mama, huyo kijana nimefanya naye kazi. Si zamani. Kabla ya masika haya."

Mama hata hakufunga duka. Aliliacha wazi hivyo hivyo, tukadandia lori la kwanza. Namtumbo tulielekezwa kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anapangisha vijana wa kazi za tumbaku. Alitukaribisha, akatupa maji, na alipojua sisi ni nani akaketi chini mwenyewe.

Alisema ndiyo, kaka alikaa kwake. Alitoka Tunduru mikono mitupu, anaumwa homa. Alipopona akashika kazi ya kukausha tumbaku, akisema hawezi kuingia kwa mama yake hivyo, bila hata kipande cha khanga. Siku zote ilikuwa, nikipata kidogo nakwenda, nikipata kidogo nakwenda. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa lori! Siku moja sokoni mtu wa Songea alimwona, akapiga kelele akidhani ni mzimu. Watu walicheka, yeye pia alicheka. Yule mtu alipotulia akamweleza kila kitu: walivyomlilia, walivyogawa vitu, kitanda kilikwenda wapi.

"Alikasirika?" mama akauliza.

"Hapana, dada. Alikuwa anasikiliza tu huku anatabasamu. Alipoambiwa chumba chake ni duka sasa, na kina mlango wa barabarani, ndipo alipoacha kutabasamu. Alisema, 'Kumbe wamekwisha kuniondoa.' Asubuhi akachukua lori."

"La Songea?"

"La Tunduru."

Tulirudi kwa lori jingine. Nilikuwa nimejaa maneno: kwa nini hakuuliza, kwa nini hakuja kutufokea, angekuja akavunja hata mlango wenyewe! Mpumbavu mkubwa, mwenye kiburi cha miguu mirefu! Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, na hakuwepo kwa lolote kati ya hayo.

Mama hakushuka nyumbani. Alinishusha mimi, yeye akaendelea mjini kutafuta usafiri wa Mpitimbi. Alirudi kesho yake na zile mbao za mninga za kitanda cha kaka, zimefunguliwa, juu ya mkokoteni. Sikuambiwa walichosemezana na baba mkubwa. Fundi akaja akaziunga, mle mle ndani. Mama akayasukuma mashati upande mmoja, akatandika shuka mbili safi, akaweka mto. Tukaendelea kuuza tukizunguka kitanda.

Bwana Ardhi alipokuja kukagua alisimama mlangoni, hakuingia. Alikiona kila kitu mara moja. Nilimwonea huruma, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, maana ilionekana hakutaka kuwa pale.

"Mama yangu," akasema, "masharti unayajua. Ni kitanda au ni biashara. Nikifumba macho hapa, kesho mtaa mzima utaniuliza."

Mama alikuwa anakunja suruali. Alimaliza kuikunja, akaiweka.

"Nilikwisha kumtoa mara moja, baba," akasema. "Simtoi tena."

Akaenda ukutani mwenyewe, akaing'oa leseni kwenye msumari, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bwana Ardhi aliipokea. Tangu siku ile tuliuza kwa kutembeza, furushi kichwani, mama upande wake na mimi upande wangu, mvua na jua, mpaka magoti ya mama yalipokataa.

Sasa mama hayupo na nyumba ni yangu. Barabara imewekwa lami, na mtaa wetu umegeuka maduka kutoka kona hadi kona. Nasikia hata ramani imebadilishwa, unaruhusiwa karibu kila kitu. Kila mwezi anakuja mtu, kijana wa simu au dada wa saluni, anakisifia chumba changu cha mbele, jinsi kilivyo na mlango wake wa barabarani, anauliza kama nakipangisha.

Nawaambia kina mtu.